Aliyekuja Kuomba Nafasi ya Rotia

Habari ilifika kabla ya mwenyewe, kama kawaida ya Tarawa. Mpwa wa mke wangu, kuli wa gatini Betio, alipiga simu.

"Mjomba, boti ya Maiana imefika. Nei Tekaai ameshuka. Kabeba mkeka, na Bauro yuko nyuma yake kavaa shati la kanisani."

Mke wangu Mareta alikuwa anakaanga samaki. Aliepua sufuria motoni, samaki nusu wabichi, akasema neno moja tu: "Rotia!"

Rotia ni binti wa marehemu kaka yangu. Alikuwa uani anafunga mkoba. Alasiri ileile ndege ingeondoka uwanja wa Bonriki, naye ndani yake, kwenda Australia kuchuma stroberi msimu mzima.

Kazi ya mshahara kwetu Kiribati ni jambo la watu wachache. Kuna serikali, kuna gati, kuna kiwanda cha samaki, kuna maduka ya ushirika, na aliyekwisha kukalia kiti hatoki mpaka abebwe. Sisi wengine wote tunaishi kwa nazi, kwa samaki, na kwa ndugu aliye ng'ambo. Mimi nilikuwa huyo ndugu wa ng'ambo kwa muda mrefu, serahangi katika meli za mizigo, mpaka mgongo ukagoma nikarudishwa nyumbani. Tangu hapo nyumba yetu haikuwa na mtu wa mshahara. Tulikuwa tunamngoja Rotia.

Na Rotia alikuwa amekwisha kuonja uchungu. Mwaka uliotangulia alipata nafasi ya kufua mashuka hotelini, hukohuko Australia. Binamu yake wa Abaiang akaja na mkeka, akakaa mbele yake, akasema, "Nimekuja na bubuti." Basi. Kwetu ndugu akitamka neno hilo, halafu akataja kitu, kitu hicho si chako tena. Kiwe shoka, kiwe nguruwe, kiwe mtoto wa kulea. Utalia baadaye ukitaka, lakini unatoa. Anayekataa hafungwi jela. Anaachwa aishi na aibu yake mbele ya ndugu zake, na hiyo ni adhabu kubwa kuliko jela. Rotia akatoa. Binamu akaenda, akarudi na pikipiki nyekundu, na kila akipita mbele ya nyumba yetu hupiga honi kwa upendo. Rotia hupunga mkono, hutabasamu, kisha huingia ndani na hatoki mpaka giza.

Sasa Bauro, mtoto wa shangazi yake Nei Tekaai, yaani Bi Tekaai, ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Visa anayo, sindano kachomwa, picha kapiga. Kilichobaki ni mtu mmoja kusema siendi.

"Baba mdogo," Rotia akaniambia, mkoba bado mkononi, "akinikuta nimekwisha."

"Hatakukuta."

"Nijifiche wapi? Kisiwa chenyewe kiko wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Tarawa ya kusini ni nyembamba kiasi kwamba kuku wangu mmoja alitaga upande wa bahari ya nje, yai likabingirika likavuka barabara, likaangukia bahari ya ndani, na bata wa mchungaji akaliangua. Barabara ni moja. Ukienda mashariki unaonekana, ukienda magharibi unaonekana, na kila unayekutana naye anakuuliza unakwenda wapi, nawe unamjibu, maana kutomjibu ni matusi.

"Nikakae kanisani?" akasema.

"Shangazi yako akishuka boti anaanza na sala."

"Niende uwanjani mapema?"

"Utamkuta keshatandika mkeka mlangoni."

"Kwa jirani basi!"

Mareta akacheka kicheko kikavu. "Jirani ataulizwa, atasema. Au wewe ungemdanganya shangazi wa mtu?" Kisha akageuka akatazama nyuma ya nyumba, na sote wawili tukatazama alikotazama.

Nyuma ya nyumba kuna shimo letu la magimbi. Alilichimba babu wa babu yangu kwa magamba ya kombe mpaka akafikia maji matamu, na hadithi ya ukoo inasema alichimba kwa hasira hata akasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakikohoa. Magimbi yake ni marefu kuliko mtu, na majani yake ni mapana kama paa. Rotia akavua gauni la safari, akajifunga shuka kuukuu, akashuka. Tope likamfika kiunoni. Akachutama chini ya majani, na mimi mwenyewe, niliyemwona akiingia, nikampoteza.

"Lori la ofisi ya ajira likipita kuwaokota wenzako, nitakohoa," nikamwambia. "Unatoka mbio, unapanda, umekwenda."

"Na mbu?"

"Mbu hawana bubuti."

Tulifikiri tumemaliza. Mareta akaufagia ua, akafuta nyayo za Rotia, akaingiza mkoba ndani, akauficha chini ya mikeka. Halafu akafanya kosa ambalo mke yeyote wa kwetu angelifanya. Mabuti ya Rotia ya shambani, meusi, mapya, yenye lebo bado, yalikuwa ndani kando ya mkoba. Kwetu kiatu hakilali ndani ya nyumba. Hata kiwe kipya, hata kiwe hakijakanyaga kitu. Mkono wa Mareta ukayachukua wenyewe, ukayapanga mlangoni, mdomo mbele, safi kabisa. Wala yeye hakujua kama ameyagusa.

Basi dogo likasimama barabarani. Akashuka Nei Tekaai.

Huyu ni dada yangu, mtoto wa baba yangu mkubwa, mjane, mwanamke wa mwili na sauti. Alikuja polepole, mkeka begani, tumbaku yake aliyoiviringisha kwa jani la mkadi inafuka kwenye pembe ya mdomo. Bauro nyuma, mrefu, kichwa chini kama anayetafuta sindano mchangani.

"Mauri, kaka."

"Mauri, dada. Karibu. Mmekula?"

"Nimekula mawimbi tu. Shemeji, mbona samaki wako wanatazama? Hawajaiva hao."

"Wataiva sasa hivi," Mareta akasema, akarudisha sufuria motoni.

Tekaai hakukaa. Alizungusha macho: nyumbani, jikoni, kisimani. "Mwanangu Rotia yuko wapi?"

Nikajua nikidanganya nitanaswa. Dada yangu ananijua tangu sijaota meno. Watu wote wa pwani hii wananijua kwa porojo zangu. Basi nikatumia silaha pekee niliyokuwa nayo.

"Yuko kwenye shimo la magimbi," nikasema. "Kajificha asikuone. Tope limemfika kiunoni."

Mareta akaangusha mwiko.

Tekaai akacheka, akacheka mpaka tumbaku ikamwanguka. "Wewe! Mtu mzima na mvi zako! Mwaka jana si ulisema papa alikurudishia meno yako ya bandia?"

"Na akayapiga mswaki kwanza."

"Bauro, umemsikia mjomba wako? Ukizeeka hivi nakutupa baharini." Akajifuta machozi. "Haya, kaka, nimecheka. Yuko wapi?"

"Nimekwisha kukwambia, hutaki."

"Kaenda uwanjani?"

Nikatupa jicho upande wa uwanja wa ndege kana kwamba nimejisahau. Akaliona jicho langu. Akaanza kuuweka mkeka vizuri begani, akageuka kuondoka, na moyo wangu ukaanza kushuka mahali pake. Hapo ndipo alipopita mlangoni.

Akasimama.

"Na haya?"

Nikayatazama mabuti. Mareta akayatazama mabuti, akaweka mkono mdomoni.

"Yangu," nikasema.

"Mguu wako ni kasia, kaka. Hayo ni ya mtoto wa kike." Akainama, akaigusa lebo kwa kidole kimoja. Sauti yake ikawa ndogo ghafla, na mimi nikaogopa zaidi kuliko kama angepiga kelele. "Hajaondoka. Mtu haendi shambani Australia akaacha buti. Nitamngoja."

Akatandika mkeka. Hakutandika mlangoni, wala jikoni. Alitafuta kivuli, na kivuli cha saa ile kilikuwa cha mshelisheli, katikati kabisa ya shimo la magimbi na barabara. Akakaa, miguu kaikunja, mgongo kaupa shimo. Rotia alikuwa nyuma yake, umbali wa kumrushia mtu ndizi.

"Mama," Bauro akasema, "twende zetu."

"Nyamaza. Kaa, na usikunje shati."

"Wamemchagua yeye, mama. Walituona wote wawili."

"Nimesema kaa!"

Bauro hakukaa. Alikwenda kisimani kunywa maji, na kisima chetu kiko kando ya shimo. Nikamwona ameinua kata, akaishusha bila kunywa. Hakukuwa na upepo. Majani yote ya magimbi yalikuwa yametulia isipokuwa moja, linalocheza juu chini, juu chini, kama mtu anayefukuza mbu. Bauro akalitazama jani. Kisha akatazama chini ya jani.

Wakatazamana, yeye na Rotia. Sijui kwa muda gani. Samaki wa Mareta waliungua wakawa mkaa. Halafu Bauro akanywa maji yake, taratibu, kata nzima, akarudi, akakaa kwenye ukingo wa mkeka wa mama yake.

Tekaai alikuwa ameanza kuzungumza, hanitazami mimi, anatazama barabara.

"Usinione mwizi, kaka. Kaomba gatini. Kaomba kiwanda cha samaki. Kaomba polisi, wakamwambia ni mrefu mno hakuna sare. Kila mahali wanamwambia andika jina. Jina lake limezagaa Tarawa nzima, mwenyewe yuko Maiana anazeeka. Rotia ana wewe, ana Mareta. Yuko mjini. Atapata kingine."

"Alitoa mwaka jana, Tekaai."

"Hakunipa mimi."

Kwa desturi yetu lile lilikuwa jibu kamili.

Ndipo honi ikalia. Lori la ofisi ya ajira lilisimama mbele ya nyumba, wafanyakazi wamejaa nyuma, mashada ya maua vichwani, ndugu zao wanalia na kuimba kwa pamoja. Binti wa ofisi, kijana mwenye miwani, akachungulia dirishani.

"Nei Rotia! Tumechelewa!"

Nikakohoa. Nilikohoa kwa mazoea ya mpango tu, kwa maana mpango ulikuwa umekufa. Akitoka sasa atapita mbele ya mkeka. Tekaai akanigeukia, "Una kifua?" kisha akainua shingo kumtafuta Rotia kila upande.

"Hayupo?" binti wa ofisi akauliza. "Jamani, semeni. Kama hayupo namchukua wa akiba." Akaisukuma miwani juu. "Si yule pale mwenye shati jeupe? Bauro wa Maiana? Pasi unayo?"

"Anayo!" Tekaai akasema. "Anayo kifuani!"

Kumbe tulikuwa tumemfungia Rotia mlango kwa mikono yetu wenyewe. Akibaki shimoni, nafasi inakwenda kwa Bauro bila hata kuombwa. Akitoka, anaombwa, na inakwenda kwa Bauro vilevile. Nikafungua mdomo nitunge jambo, jambo lolote, nyangumi, moto, kifo cha mtu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakikuja kitu.

Bauro hakusimama. Mama yake alimvuta shati, naye akajifanya mzito.

Majani yakafunguka.

Rotia alitoka shimoni akiwa na rangi moja mwili mzima, tope toka kidevuni. Waimbaji wa lori walinyamaza wote. Tekaai akageuka, akamwona, akalitazama shimo, akanitazama mimi, na sijapata kutazamwa vile hata na papa.

Mimi nikawaza: kimbia! Bubuti haisemwi kwa mtu anayekimbia. Lazima mkae, mtazamane, pawe na utulivu. Njia ya lori ilikuwa wazi. Hatua chache tu, arukie nyuma, wenzake wamvute, na Tekaai atabaki na neno lake mdomoni. Rotia alilitazama lori. Niliona mguu wake mmoja umekwisha kuelekea huko.

Kisha akaurudisha. Akaja mpaka kwenye mkeka. Tekaai alikuwa amekwisha kujiweka sawa, mikono magotini, kifua kimejaa pumzi ya kusemea. Rotia akakunja magoti, na kabla hajafika chini, tope linamtiririka, akasema:

"Shangazi, nimekuja na bubuti."

Pumzi ikamtoka Tekaai bila neno. "Wewe? Mimi ndiye niliyekuja! Nimevuka bahari, wewe mtoto!"

"Umevuka, shangazi. Lakini nimesema kwanza."

Mareta akanishika mkono, kucha zikaniingia. Kwenye lori hakuna aliyesogea. Hata dereva alizima injini, na dereva yule hazimi injini hata akila.

"Sema basi," Tekaai akasema.

"Naomba lile ombi ulilotoka nalo Maiana. Nipe mimi. Likiwa langu, wewe huna tena."

Wimbi liliinuka kule kwenye mwamba wa nje likasimama, likingoja kama sisi, na halikuvunjika mpaka mambo yalipokwisha. Tekaai alimtazama mpwa wake. Uso wake ulipita hasira, ukapita aibu, ukafika mahali ambapo sikujua jina lake. Angeweza kukataa. Mdomo ni wake. Lakini watu wa visiwa vitano walikuwa wamekaa nyuma ya lori lile wanasikiliza, na zaidi ya hao, alikuwepo mwanawe.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Nilikuwa na muda wa kufikiri mle ndani."

"Na ungeweza kukimbia."

"Ningekimbia leo, shangazi. Nikirudi je? Ningekuwa nakukimbia mpaka lini?"

Tekaai akainamisha kichwa. "Nimelilalia usiku kucha botini," akasema polepole, "nikilirudiarudia nisikosee maneno." Akaukunjua mkono wake wa kulia, akauweka wazi juu ya goti, mtupu. "Haya. Chukua."

Rotia akaubusu ule mkono, akauachia tope. Ndipo akaanza kulia.

"Jamani, ndege!" binti wa ofisi akapiga kelele, naye analia vilevile, miwani imejaa ukungu.

Mareta alimmwagia Rotia ndoo tatu palepale uani, akamvika gauni juu ya mwili uliolowa, akaleta mkoba. Bauro alikwenda mlangoni akayachukua mabuti. Akayafuta kwa shati lake la kanisani, moja, halafu la pili, akampa mkononi.

"Bauro," Rotia akasema, akashindwa kuendelea.

"Panda. Na uyafunge vizuri, wamesema kule udongo unanata." Akamwinua kwa kiuno akamweka juu ya lori kama gunia la mbata. Lori likaondoka na nyimbo zake. Bauro akalifuata kwa miguu mpaka barabarani, akasimama hapo, mikono kiunoni, hata vumbi lilipokwisha kutulia.

Baadaye tukaisikia ndege ikipita juu ya paa. Mareta akapunga mkono kwa dari.

Nikaona ni vizuri nikawape nguruwe maji.

"Kaka," Tekaai akaita. Hakuwa ameondoka kwenye mkeka. "Njoo ukae."

"Mgongo wangu siku hizi haukai, dada."

"Umekaa tangu nimefika."

"Ndiyo maana unauma."

Nikazunguka ua. Nikawapa nguruwe maji, nikawapa tena. Nikafagia palipofagiwa. Tekaai anavuta tumbaku yake, ananifuata kwa macho, hana haraka. Jua likageuka, na kila nilipotazama, mkeka ulikuwa palepale. Mareta akatoka jikoni, akaniangalia kwa huruma ambayo sikuiamini.

"Kaa, mume wangu. Umechoka."

"Mareta!"

"Kaa. Ni dada yako."

Nikakaa. Ukingoni kabisa, tako moja hewani.

"Siku hizi unafanya kazi gani?" Tekaai akauliza.

"Mimi? Kazi nyingi! Mimi ni mgonjwa. Moyo huu, daktari anasema hajapata kuuona mfano wake..."

"Nimekuja na bubuti," akasema Tekaai. "Au tuseme sikuja nayo. Ile niliyokuja nayo imechukuliwa. Hii imezaliwa hapahapa, wewe ukiwanywesha nguruwe."

Nikafumba macho.

"Bauro abaki hapa kwako, alale hapa, kila asubuhi awe gatini kabla ya wenzake. Kazi huwafikia walio karibu, si walioandika majina. Alishindwa kukaa Tarawa kwa sababu mimi sina mgema mwingine. Minazi yangu inataka mtu asubuhi na jioni, tembo tamu lisipogemwa watoto wa nyumba hawana cha kunywa. Vijana wa Maiana wote wamekuja huku kutafuta kazi, kwetu hakuna wa kumtuma juu ya mnazi. Nakuomba wewe, kaka. Uje unigemee."

Bauro alikuwa amerudi kutoka barabarani. Alisimama nyuma ya mama yake, na kwa mara ya kwanza siku ile aliinua kichwa akanitazama moja kwa moja. Nilitafuta nyangumi, nilitafuta papa, nilitafuta daktari.

"Boti inarudi lini?" nikauliza.

"Jumatatu."

Mareta akaingia ndani, nikamsikia anafungua kabati la mashati yangu.